Bagamoyo, Mahali pa Kubwaga Moyo

Kila mwaka akina mama wa usharika wetu hufanya safari moja ya pamoja, kwa ajili ya maombi na kujifunza. Safari ya mwaka huu ilikuwa ya Bagamoyo. Nilipoambiwa, nilikataa. Nilimweleza katibu wetu kwamba nina mgonjwa nyumbani, na huo ulikuwa ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimechoka kukaa karibu na watu wanaoimba.

Mume wangu ni fundi seremala. Miaka miwili iliyopita, asubuhi moja akiwa karakana, alipatwa na kiharusi. Alikuwa na shinikizo la damu, nami, muuguzi ninayelala naye nyumba moja, sikujua kwamba alikuwa ameacha kumeza vidonge kwa sababu alijisikia mzima. Maneno yalimrudia polepole. Mguu nao ulipata nafuu, sasa anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia, ule wa kushika randa na msumeno, haukurudi.

Kwa zaidi ya miaka 20 nimesimama kando ya vitanda vya wagonjwa nikisema, "Jipe moyo, mama. Jipe moyo, baba." Mara nyingi nilisema hivyo huku macho yangu yakiwa tayari kwenye kitanda kinachofuata. Watu walipokuja nyumbani kwangu na kuniambia maneno hayo hayo, ndipo nilipoelewa kwa nini wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Niliwashukuru, nikawapa chai, na moyoni nilitamani waondoke.

Baba watoto ndiye aliyenisukuma niende. "Nenda, mama watoto," aliniambia. "Wifi yako atakuja kukaa nami. Hata ukinitazama kutwa nzima, mkono huu hautaamka kwa kutazamwa."

Jina lenye maana mbili

Tuliondoka Dar es Salaam saa 12 asubuhi, akina mama 28 ndani ya Coaster. Ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Ukishapita Tegeta na Bunju, unaziacha kelele za jiji, na baada ya Mapinga na Kerege minazi inaanza kukukaribisha. Mjini tulianza kwa kutembea mitaa ya zamani yenye milango ya nakshi, kisha tukashuka ufukweni. Wavuvi walikuwa wakishusha samaki, na majahazi yameegemea mchangani yakisubiri maji kujaa.

Hapo ndipo kijana aliyetuongoza alipotueleza habari za jina. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara iliyotoka bara, kupitia Tabora hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea njia hiyo kwa miguu wakibeba pembe za ndovu mabegani. Walipoiona bahari walijua kwamba mzigo umefika. Wapo wanaosema jina linatokana na wao: bwaga moyo, yaani tua, pumzika, roho yako itulie.

Lakini njia hiyo ilipitisha pia watumwa waliokuwa wakipelekwa Zanzibar. Kwa mtumwa bahari ilikuwa mwisho wa matumaini ya kurudi kwao. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba jina ni kilio chake: uache moyo wako hapa, kwa sababu mwili unakwenda usikokujua.

"Basi mnaona, akina mama," kijana yule alisema kwa furaha, "ufukwe ni mmoja. Ni namna tu ya kutazama mambo!"

Wengi walitikisa kichwa kukubali. Mimi nilihisi koo linanikaba. Kabla sijasema neno, bibi mmoja wa kikundi chetu, aliyepita miaka 70 na aliyewazika watoto wake wawili, alimgeukia taratibu.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Mpagazi alikuwa na ujira wake na njia ya kurudi nyumbani. Mtumwa alikuwa na mnyororo. Usimwambie mtumwa kwamba anatazama vibaya. Yule alikuwa na haki ya kulia."

Nilimshika mkono bibi yule, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikalia mbele ya watu. Hakuna aliyeniambia nijipe moyo. Mmoja alinipa khanga yake nijifute, tukaendelea na safari.

Waliofungua minyororo

Kutoka mjini tulikwenda misheni ya Kikatoliki, kwa kupita njia yenye miembe mikubwa huku na huku. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Waliwakomboa watumwa, watoto na watu wazima, wakaanzisha kijiji cha waliowekwa huru. Katika jengo la zamani la masista sasa kuna makumbusho, na humo tuliona minyororo yenyewe. Niliitazama kwa macho ya muuguzi, nikaona vidonda vya shingo na vifundo vya miguu ambavyo chuma cha namna ile kingeacha.

Niliwaza maneno ya bibi. Watu wale walipewa kwanza ukombozi, kisha mahali pa kulala, shamba, shule na matibabu. Mahubiri yalikuwepo, lakini yalikuja pamoja na ufunguo wa mnyororo. Makaburini tuliona pia makaburi ya wamisionari, wengi wao walikufa wakiwa vijana kwa homa za nchi hii.

Karibu na hapo umebaki mnara wa kanisa la zamani. Humo ulilazwa mwili wa David Livingstone kwa usiku mmoja, mwezi Februari 1874. Alikuwa amefia Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwezi Mei 1873. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti huko huko, wakaukausha mwili, wakautembeza zaidi ya kilomita 1,500 kwa muda wa miezi tisa hivi. Walipofika karibu na Tabora, Mwingereza waliyekutana naye huko aliwashauri wauzike hapo. Walikataa. Kwa yule Mwingereza ulikuwa mzigo usio na maana ya kuendelea kubebwa. Kwao alikuwa mtu wao, na hajafika kwao.

Nilisimama pale mlangoni nikajiuliza: mimi nyumbani kwangu nabeba nini? Nabeba mzigo, au nabeba mtu?

Mbuyu na mnyororo

Jibu nililipata kwenye mbuyu ulio hapo hapo misheni. Wanasimulia kwamba mnamo 1895 mama mmoja wa Kizungu, Madame Chevalier, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa, aliuzungushia mti huo mnyororo ili afunge punda wake. Mnyororo ulisahauliwa pale. Miaka ikapita, mbuyu ukanenepa. Leo kinachochungulia nje ni kipande kifupi tu, kama urefu wa rula ya mwanafunzi. Uliobaki umo tumboni mwa mti.

Nilikigusa chuma kile. Mbuyu haukuukata mnyororo, wala mnyororo haukugeuka kuwa mti. Chuma ni chuma hadi leo, na gome limekunjamana pale kilipobana. Lakini mbuyu uliendelea kunywa maji, kutoa majani na kukua kila ulipopata nafasi.

Nikamkumbuka Naomi katika kitabu cha Ruthu. Alirudi Bethlehemu akiwa amefiwa na mume na wana wawili, akawaomba wanawake wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, kwa sababu ya uchungu. Sikuona popote kwamba Mungu alimkemea kwa kusema hivyo. Lakini wakati akilia kwamba amerudi mikono mitupu, Ruthu alikuwa amesimama kando yake, na shayiri ilikuwa imeanza kuvunwa. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, na Ruthu naye alikuwa wa kweli. Alichokosa kwa siku zile ni kuviona vyote viwili.

Mimi kwa miaka miwili nilikuwa nautazama mkono wa kulia peke yake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amenielekeza nimwache mgonjwa ale na kuvaa mwenyewe kwa mkono wa kushoto, hata akichelewa. Sikufuata. Nilimlisha kwa kijiko kwa sababu ilikuwa haraka, na labda pia kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumzika fundi nikabaki na mgonjwa. Mwingine wagonjwa wangu angefanya hivyo ningemgombeza.

Nyumbani

Nilirudi saa mbili usiku. Nilipakua wali na samaki wa Bagamoyo, nikaweka kijiko upande wake wa kushoto, nikakaa. Alinitazama. "Leo hunilishi?" Nikamwambia, "Leo nakula nawe." Wali mwingi ulianguka mezani. Tulimaliza saa nne kasoro, na tulicheka mara mbili.

Wiki iliyofuata aliomba apelekwe karakana. Mwanafunzi wake alimshikia mti, naye akachonga kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua wiki tatu kutengeneza mwiko mmoja. Umepinda kidogo na mpini ni mnene kupita kiasi. Ndio ninaosongea ugali kila siku, na mkono wake wa kulia bado umelala vilevile.

Kazini nimeacha kuwaambia wagonjwa wajipe moyo kabla sijakaa. Siku hizi nauliza kwanza: "Nani amebaki na watoto nyumbani? Usiku umelala?" Wakishanijibu, ndipo tunazungumza habari za moyo. Na kila mwenye shinikizo la damu namwambia bila kuchoka: usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri, na ukiona mtu mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Mpendwa dada, kama leo uko ufukweni ukiwa mpagazi aliyetua mzigo, mshukuru Mungu, lakini usimfundishe mwenye mnyororo jinsi ya kutabasamu. Mtafutie ufunguo, au khanga ya kufutia machozi. Na kama mnyororo ni wako, lia. Kisha tazama upande wa pili wa mwili wako, wa nyumba yako, wa ukoo wako. Huenda kuna mkono wa kushoto ambao bado haujaupa kazi. Mungu atusaidie kuuona. Amina.