Anga Lenye Mistari

Jioni moja hapa Kisangani tulimpiga picha mama yetu, nyuma yake miti ya mitego ya wavuvi Wagenia na anga la machweo. Alipofariki, tuliiongeza mwanga kwa simu ili tuikuze kwa siku ya kuondoa matanga. Kumbe, anga likakatika mistari kama ngazi!

Picha ya JPEG huipa kila rangi, nyekundu, kijani na buluu, daraja 256 tu. Ukiivuta mno, daraja zaachana. Picha ya RAW mara nyingi ina 4,096 au zaidi.

Dawa ni kurudia picha ya asili na kuirekebisha kidogo. Yetu tulikwisha kuifuta. Basi ninyi, itunzeni.