Gramu 337

Jumanne, 10 Juni 2025

Mpwa wangu wa Maskati atakuja Unguja likizo mwezi wa nane. Anasema atakuja na kamera yake kubwa, niijaribu, nikiipenda aniachie, na mimi nimpe hii yangu. Kabla hajafika nataka kila zuri na kila baya la hii ndogo liwe limeandikwa, ili siku ya kuamua nisidanganywe na hamu ya kitu kipya.

Yangu ni Fujifilm X-E3, toleo la Septemba 2017. Haina kile kioo cha ndani cha kamera za zamani, kinachoruka kila ukibonyeza. Sensa yake ni ya ukubwa wa APS-C, pikseli milioni 24.3. Pamoja na betri na kadi ina gramu 337. Lenzi ninayo moja tu, 23mm f/2, gramu 180. Zote pamoja ni nusu kilo na kidogo, na ndiyo sababu kubwa ya kuwa nayo begani kila nitokapo. Kamera ya mtu asiyelipwa kwa picha zake lazima iwe ile isiyomchosha kuibeba.

Jumamosi, 14 Juni

Juzi Alhamisi Fujifilm wametangaza X-E5. Pikseli milioni 40, na sasa mwilini mwake mna kituliza mtikisiko. Nimesoma maelezo yake mara mbili kwa uchu, kisha nikafika kwenye uzito: gramu 445. Kwa hiyo dawa ya udhaifu mmoja imeongeza gramu 108. Si nyingi, lakini nimeona mwelekeo. Kila toleo huondoa lalamiko moja na kuleta jingine. X-E2 ilikuwa na flashi yake ndani, X-E3 ikaondolewa. X-E4 ya 2021 ikaondolewa gurudumu la nyuma, watu wakalia mpaka leo.

Jumatatu, 16 Juni

Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, baada ya Alasiri. Ukitoa kamera kubwa pale, wawili watajifunika nyuso na wa tatu atauliza unalipa ngapi. Wana haki yao. Wamepigwa picha na wageni miaka na miaka bila kuulizwa hata jina. Hii yangu niliiweka mezani kando ya kikombe, na haikumshtua mtu. Mzee mmoja mcheza dhumna akaitazama, akaniuliza:

"Maalim, hiyo filamu zake wazipata wapi siku hizi?"

Nikamwambia haitumii filamu. Akaichukua, akachungulia, akampiga mwenzake picha mbili, akacheka. Baada ya hapo nikawa na ruhusa ya baraza zima.

Ila udogo si ruhusa. Kamera hii ina shata ya kielektroniki isiyotoa sauti hata chembe, na ukimya ule ni kishawishi. Unaweza kumpiga mtu picha naye asijue maisha yake yote. Mimi barazani natumia shata ya kawaida, isikike. Anayekataa akatae.

Ijumaa, 20 Juni

Nikaha ya jirani. Kanzu nyeupe, nyuso nyeusi, mlango wa msikiti uko wazi nyuma yao na jua la nje linapiga. Huu ndio mtihani wa kila kamera ya pwani. Ukiiachia iamue yenyewe, huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na nyuso zikazama gizani. Ukiongeza mwanga ovyo, kanzu inaungua, darizi ya shingoni yote inapotea na hairudi.

Hapa X-E3 inajua kazi yake. Gurudumu la kufidia mwanga liko juu, chini ya kidole gumba, na katika kitundu cha kuchungulia unaiona picha kama itakavyotoka kabla hujabonyeza. Nilizungusha hadi nyuso zikawa nyuso, nikatazama kanzu, nikarudisha kidogo. Zaidi ya hapo kuna ule mpangilio wa DR400. Kamera hupiga picha kwa mwanga mdogo zaidi ili kulinda weupe, halafu yenyewe hunyanyua sehemu za giza. Sharti lake ISO ianzie 800, ndivyo ulivyotengenezwa. Kwenye ISO hiyo chembechembe ni chache mno, sijali.

Bwana harusi alipotoka nje kukawa kunaingia magharibi. Hakuna flashi ndani. Ile ndogo iliyokuja na kamera huchomekwa juu na kula umeme wa betri ile ile. Imenyooka mbele tu, inamwagia mtu mwanga wa paji la uso. Niliizima.

Jumamosi, 21 Juni

Betri. Kampuni inasema picha kama 350 kwa chaji moja. Jana kabla ya wali kuletwa nilikuwa kwenye betri ya pili. Inachajiwa kwa waya wa USB, hata kwa kile kidude cha kuchajia simu, na umeme unapokatika hilo ni jambo la maana kuliko mambo mengi yaliyoandikwa kwenye boksi.

Jumapili, 29 Juni

Forodhani usiku, mishikaki na moshi. Mwuza urojo alinikubalia nimpige kadiri nitakavyo. Nilijaribu shata ya kimya ili kulinganisha, na picha zikatoka na mistari ya giza imelala kutoka upande hadi upande. Sababu ni taa za LED za bei nafuu. Umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo taa hizo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na shata ya kielektroniki huisoma sensa mstari baada ya mstari. Mstari mmoja unasomwa taa iking'aa, mwingine ikififia. Kwa sababu hiyo hiyo pangaboi la nyumbani likipigwa kwa shata ile hutoka na mabawa yaliyopinda. Nikarudi kwenye shata ya kawaida, 1/100, mistari ikaisha.

Kwa f/2 na ISO 3200 rangi za ukwaju na bhajia zimekaa vizuri. Lakini kwa kasi ya chini ya 1/30 mkono wangu unaonekana kwenye picha. Kituliza mtikisiko hakuna mwilini, na lenzi yangu pia haina. Miaka inakwenda, na mikono nayo.

Jumatatu, 7 Julai

Jambo dogo linaloudhi: skrini ya mguso. Ukichungulia kwa jicho la kushoto, kama mimi, pua inagusa skrini na kuhamisha alama ya fokasi. Unalenga jicho la mtoto, kamera inalenga ukuta. Nimeuzima mguso kabisa. Na skrini yenyewe haiinuki. Ukitaka picha ya chini chini, piga magoti mchangani.

Alhamisi, 17 Julai

Nungwi, mafundi wa majahazi. Kusi imevuma siku nzima, mchanga na chumvi hewani. Lenzi yangu imezibwa dhidi ya maji na vumbi, mwili wa kamera haukuzibwa. Sasa hiyo faida inamlinda nani? Anayejua kwamba maji hupita penye upenyo mdogo zaidi hatatamba na lenzi ile mvua ikinyesha.

Kijana aliyekuwa nasi alibadilisha lenzi ufukweni huku kamera ikitazama juu. Nilimsihi aache. Kwenye kamera hizi, ukitoa lenzi, sensa iko wazi mbele yako, hakuna kioo wala pazia la kuikinga. Chembe moja ya mchanga itaonekana kwenye kila anga utakayopiga.

Adui mkubwa zaidi ni kuvu. Joto letu na unyevu wetu huotesha nyuzi nyeupe ndani ya lenzi, na zikishaota huacha alama. Mkoba wa ngozi kabatini ndio makazi yake hasa. Lenzi iwekwe kwenye chombo kinachofungwa barabara pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu, na itolewe juani mara kwa mara.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpwa amefika. Kamera yake ni tamu, siwezi kusema vingine. Sensa ya 36 kwa 24, eneo lake zaidi ya mara mbili ya yangu, na usiku tofauti inaonekana wazi. Inashika fokasi kwenye jicho la mtu anayekimbia; X-E3 hutambua uso ikibahatika, mtoto akianza kukimbia inamkosa. Kwa lenzi yake ndefu imezidi kilo moja na nusu kwenye mizani ya duka la jirani.

Jumapili, 10 Agosti

Tumezunguka Mji Mkongwe siku mbili tumebadilishana. Yeye na X-E3 alirudi na nyuso, zikiwemo za watu nisiowahi kuthubutu kuwaomba. Mimi na dude lake nilirudi na milango na bega linalouma. Anayepiga mpira, ndege au harusi za kulipwa achukue ile kubwa bila kusita, hii itamwaibisha. Mimi napiga watu walioketi, mchana, kwa ridhaa yao.

Nimemwambia arudi na kamera yake. Kama anataka kuniletea kitu safari ijayo, alete betri mbili za NP-W126S na sanduku lisilopitisha hewa.