Ile boti niliyoipa noti 40

Waungwana, leo nimekuja kuungama.

Miezi michache iliyopita mhariri alinituma kwenye uzinduzi wa boti ya kubeba watalii hapa Dar es Salaam. Mnajua uzinduzi wetu ulivyo: utepe, soda, hotuba mbili, halafu kila mwandishi anapewa kipeperushi chenye picha ya boti imeinua pua juu, maji yanaruka huku na huku. Kwenye kipeperushi niliona namba 40. Basi nikarudi ofisini, nikaandika kwamba boti hiyo inakimbia noti 40, na kwamba kutoka Dar hadi Unguja ni saa moja tu. Habari ikatoka na jina langu juu yake. Nikampigia mama simu anunue nakala.

Siku ya tatu nilikuwa Msasani kwa shughuli nyingine. Nikamkuta mzee mmoja, nahodha wa miaka mingi, amekaa kwenye kivuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika ile boti?"

Nikatabasamu nikijua nasifiwa.

"Ulipanda?"

Hapo nikaishiwa maneno. Kupanda? Mimi nilikunywa soda nikaondoka!

Mzee hakunikaripia. Aliniambia tu kwamba Jumamosi boti inatoka na watu, mwenyewe anafahamiana naye, nije na simu yangu yenye GPS. Na nije na kile kipeperushi.

Jumamosi, kabla hatujapanda, akaniambia nisome tena. Nikasoma. Loh! Ile 40 ilikuwa ya maili za kawaida kwa saa, wala si noti. Noti moja (hapa hatuzungumzii zile za shilingi) ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.852 kwa saa. Kwa hiyo noti 40 ni kilomita 74 kwa saa, lakini maili 40 za kawaida ni kilomita 64 tu, sawa na noti 35 hivi. Yaani kabla injini haijawashwa, mimi peke yangu nilishaiongezea boti noti tano za bure.

Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na maandishi madogo kama yale ya mikataba ya mikopo. Yalisema spidi hiyo ilipatikana kukiwa na watu wawili, tangi la mafuta likiwa robo, na maji yametulia. Watu wawili! Sisi tulipanda 12, na nahodha ndani yake. Tangi la lita 200 lilijazwa mpaka juu. Weka maboya ya kuvaa, nanga, maboksi ya barafu na vinywaji.

Tulipotoka nje ya ufukwe kijana wa usukani akafungua mashine mpaka mwisho. Nikashika simu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Ilisoma noti 23, ikapanda 24, ikagoma. Nikamwangalia mzee. Akasema tugeuze, turudi njia ileile. Tukirudi simu ikasoma 26. Wastani, noti 25.

Kwa nini kugeuza? Kwa sababu GPS inapima mwendo wako juu ya ardhi. Mkondo ukikusukuma, unapewa spidi ambayo si ya mashine yako, ukikupinga, unanyang'anywa. Ukienda na kurudi, unapata ukweli wa katikati. Nilipofika nyumbani nikasoma kwamba hata rekodi ya dunia hupimwa hivyo. Mwaka 1978 Ken Warby wa Australia alifikisha takriban kilomita 511 kwa saa kwa boti aliyoijenga mwenyewe nyumbani kwake, na namba hiyo ni wastani wa kwenda na kurudi. Kama yeye alitakiwa kurudi, muuza boti ni nani asirudi?

Sasa zile noti 10, kutoka 35 mpaka 25, zimekwenda wapi? Nyingi zimeliwa na uzito. Kwa boti za aina hii, zinazopanda juu ya maji na kuteleza, kanuni ya makadirio inasema uzito ukiwa mara mbili, spidi inagawanywa kwa 1.4 hivi. Tulifanya hesabu kwa kalamu mgongoni mwa kipeperushi chenyewe. Boti na mashine yake ya nguvu farasi 150, watu wawili na mafuta robo, ni kama kilo 1,500. Sisi wote na mizigo yetu na tangi limejaa, kama kilo 2,450. Hapo tu noti 35 zinabaki 27. Mbili zilizosalia ni za mawimbi, za uchafu wa baharini ulioganda tumboni mwa boti, na za joto letu, maana hewa ya moto yenye unyevu ina oksijeni kidogo na mashine inapumua kwa shida.

Hapo nikataka kulipuka, eti kampuni imenidanganya. Mzee akacheka. "Hawajakudanganya, mwanangu. Wamekwambia watu wawili. Wewe ndiye uliyewashusha hao watu wawili kwenye gazeti."

Nikanyamaza.

Halafu akanionyesha kitu ambacho bado kinaninyima usingizi. Dar hadi Unguja ni kama maili 40 za baharini. Mashine ya farasi 150 ikifunguliwa yote inakunywa takriban lita 50 kwa saa. Kwa noti zangu 40, safari ni saa moja, lita 50. Kwa noti 25 za kweli ni saa moja na dakika 36, lita 80. Kwenda na kurudi, tofauti ni lita 60. Mtu akiniamini, akaweka lita 100 na kidogo ya bahati nasibu, atazimikiwa mashine akiwa njiani kurudi, hajafika popote, na kusi inavuma. Manahodha wenyewe wana kanuni: theluthi ya mafuta ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Lakini theluthi ya namba ya uongo nayo ni uongo.

Jumatatu nikaenda kwa mhariri nikamwomba tuandike masahihisho. "Nani atakumbuka?" akauliza. Nikamwekea kipeperushi mezani, upande wenye hesabu. Akakitazama kwa muda, akaguna. Keshokutwa yake ikatoka mistari minne, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro. Jina langu halikuwepo, na safari hii sikumpigia mama.

Ila alipiga kijana mmoja anayepeleka watalii visiwani. Alisema alikata ile habari ya kwanza akaibandika ukutani ofisini kwake. Akauliza kama namba mpya ni ya uhakika. Nikamwambia: noti 25, watu 12, tangi limejaa, bahari ya mawimbi kiasi, tumepima kwenda na kurudi, mimi nilikuwemo. Kukawa kimya kidogo, kisha nikasikia karatasi ikibanduliwa ukutani.

Dashibodi ya gari la mjomba wangu imeandikwa 180. Halijawahi kuvuka 110, na hakuna anayeumia, kwa sababu hatuweki mafuta kwa kuisoma ile 180. Baharini, na gazetini, kuna watu wanaweka.

Siku hizi nikipewa namba yoyote kwenye uzinduzi, nauliza kwanza: mlikuwa wangapi ndani? Wananitazama kama mgonjwa. Sawa tu.