Mistari myeusi ya jikoni isile garanti yetu

Wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga, na tunajua vile siku ya kuhama inavyokuwa. Mwenye nyumba anazunguka chumba kwa chumba, na kila doa analoliona linageuka deni.

Kwangu hapa Bukavu deni lilikuwa jikoni, kwenye meza ya sima iliyofunikwa karo nyeupe. Karo zenyewe zilikuwa zinang'aa. Lakini sima inayojaza nafasi kati yazo ilikuwa imegeuka kahawia, na karibu na babula ilikuwa nyeusi kabisa. Mwenye nyumba alisema karo zote zitavunjwa na kupigwa mpya, na pesa zitatoka kwenye garanti yangu. Garanti ile ndiyo nilikuwa nimeipangia minervali ya watoto wawili.

Fundi niliyemwita alikubaliana naye haraka, maana kazi yake ni kupiga karo mpya. Mimi nilitaka kwanza kujua kama sima imeharibika ao imechafuka tu. Nilichukua msumari nikakwaruza pembeni. Juu palikuwa peusi, chini palikuwa peupe na pagumu. Basi ulikuwa uchafu.

Tusidanganyane kwamba ni uvivu wa mama. Sima ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Inakunywa mawese, mchuzi wa sombe na maji ya sahani, kisha moshi na vumbi la makala vinashikamana na mafuta yale. Kitambaa kinapita juu ya karo, lakini mstari uko chini kidogo, hakiufikii.

Jirani alinishauri nichanganye javeli na siki. Nilikataa, na ninaomba kila mama akatae. Vitu hivyo viwili vikikutana vinatoa gesi ya klori, inayochoma macho na mapafu. Fikirieni jiko dogo, mlango umefungwa, na mtoto mgongoni. Siki peke yake, hata ndimu, nayo inakula sima polepole: leo mstari ni mweupe, kesho unamomonyoka. Javeli iliyochanganywa na maji tu, dirisha likiwa wazi, inafaa kwa ukungu. Mafuta haiyatoi.

Nilianza kwa maji ya moto na sabuni ya unga ili kutoa mafuta. Kisha nilikoroga bikaboneti vijiko 3 na maji kijiko 1, nikapaka uji huo juu ya mistari, nikangoja dakika 15. Nikasugua kwa brosi ya meno iliyochakaa, nikasuuza, nikakausha kwa kitambaa. Binti yangu alishika upande mmoja, mimi mwingine. Kazi ilichukua Jumamosi mbili, na mikono iliuma.

Karibu na babula sima ilikuwa kweli imeachia. Hapo nilichimba kama milimita 3, nikatoa vumbi, nikalowanisha, nikajaza sima nyeupe iliyokorogwa na maji kidogo. Nilivaa glavu, kwa sababu sima mbichi inachoma ngozi. Nilifuta mabaki juu ya karo kabla hayajakauka, nikaacha kitambaa chenye maji juu ya sehemu ile siku 3, tukapikia nje.

Mwenye nyumba aliporudi alipitisha kidole juu ya meza yote, hakusema neno. Alikata bei ya kitasa kimoja cha mlango, pesa nyingine zote akanirudishia. Minervali ililipwa.

Garanti ni jasho la mama, haifai kuiacha kwa sababu ya aibu ya mistari michafu. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite kodi ya miezi 3. Hata hivyo, miezi 3 ni mingi kwa anayeuza samaki ao mboga. Mkiingia katika nyumba, andikeni pamoja na mwenyewe hali ya kila chumba, mistari ya jikoni ikiwemo, na kila mmoja abaki na karatasi yake. Mafuta yakimwagika, yafuteni siku ileile kwa maji ya moto na sabuni. Na anayejiandaa kuhama aanze na jikoni, wiki mbili kabla ya kutoa funguo.