Uvimbe wa Shingoni na Tini za Hezekia



Swali linanijia tena na tena hapa Isiolo: mtu akiambiwa ana uvimbe juu kabisa ya shingo, akubali kupasuliwa au abaki kwenye maombi? Najua hofu yako. Umesikia kwamba shingo ikiguswa na kisu hutatembea tena.

Shingo ina pingili 7. Ya kwanza, atlasi, imebeba kichwa. Ya pili, aksisi, ndiyo inayokuwezesha kugeuka ninaposema "mwambie jirani yako". Katikati yake hupita uti unaopeleka amri mikononi, miguuni, hata kwenye kupumua. Uvimbe ukikua pale unaubana, hata kama si saratani, na nyingi za aina ya shwanoma na meninjioma si saratani. Vidole vinakufa ganzi, kufunga vifungo vya shati kunakushinda, miguu inakuwa mizito. Majirani wanasema umerogwa.

Kwa njia ya kawaida daktari hukata mkato mrefu nyuma ya shingo na kubandua misuli kwenye mfupa. Siku hizi, uvimbe ukiruhusu, hukata sentimita chache tu, hutenganisha misuli bila kuikata, hupitisha bomba jembamba na kufanya kazi akitazama kwa hadubini. Damu humwagika kidogo, maumivu hupungua, unatoka kitandani mapema. Lakini mwingine ni mkubwa au umekumbatia mshipa wa damu uendao kwenye ubongo, na hapo mkato mpana ndio salama. Mwachie daktari aamue.

Hezekia aliomba, Mungu akamjibu, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Sijasikia mtu akisema zile tini zilikuwa ukosefu wa imani.

Ndugu wa maombezi, nawasihi: mwenye shida ya shingo msimsukume aanguke, wala msimkunje kichwa nyuma. Mwombeeni akiwa ameketi. Na wewe mgonjwa, usiende kukandwa shingo kabla haijapigwa picha.

Kama una dalili hizo, anza Hospitali ya Rufaa ya Isiolo, uombe barua ya kupigwa MRI. Madaktari wa ubongo na uti wa mgongo wako Kenyatta, Nairobi, karibu kilomita 280. Hakikisha SHA yako imelipwa. Ikiwa kinachokuzuia ni nauli, nipigie kabla ya Jumapili; akina mama wameshaanza kuichanga.