Aliyekosa penalte ni wa kwetu

Siku ya Jumatatu saa ya pumziko, hata mwalimu ambaye hakufika uwanjani anajua kama wasichana wetu walishinda ao walishindwa. Anaangalia tu nani anakula peke yake.

Muhula uliopita alikuwa beki wetu wa kati, mtoto wa miaka 15. Penalte yake ilikuwa ya mwisho, akaipiga juu ya goli. Pale uwanjani hakuna aliyemtukana. Maneno yalikuja kiisha, kwenye njia ya kurudi Katuba, kwenye foleni ya maji, kwenye telefoni. Walianza kwa mzaha kwamba ameuza mechi. Siku ya tatu haikuwa mzaha tena: mmoja akasema ana mikosi. Na sisi wote tunajua namna neno hilo linavyotembea hapa kwetu. Kutoka mikosi mpaka ulozi hatua si nyingi. Juma la pili hakuja mazoezini, kichwa kinamuuma. Juma la tatu alileta viatu vya mpira ndani ya mfuko, akaviweka juu ya meza yetu: "Madamu, mumupatie mwengine."

Ni mtoto huyo huyo ambaye Novemba 2024, wasichana wa TP Mazembe walipochukua kikombe cha mabingwa wa Afrika kule Morocco kwa bao 1-0, tena la penalte, alikimbia avenue nzima akiimba. Viatu tulivifungia kwenye kabati pamoja na chaki, tukamwambia bado ni vyake.

Saikolojia tuliyosoma ISP ilikuwa ya darasani: mtoto asiyeelewa hesabu, mtoto mtoro. Juu ya mtoto aliyekosa goli mbele ya watu, hatukupewa hata ukurasa. Basi tukatafuta somo kwa wachezaji wenyewe.

Tulianza na Leopards. Mnakumbuka usiku wa tarehe 28 Januari 2024, Kongo na Misri kule San-Pédro, 1-1, mpaka penalte. Tuliandika ubaoni: kila upande ulipiga mara 9. Mkongomani mmoja alikosa. Wenzake wakaendelea kupiga, moja moja, mpaka kipa wa Misri akagonga mti wa juu, na kipa wetu Lionel Mpasi akafunga: 8-7. Tukauliza darasa, nani alifunga ya mwisho? Mikono yote juu. Nani alikosa? Kimya. Tungeshindwa usiku ule, jina hilo lingeimbwa mpaka leo. Kosa ni lile lile, mguu ni ule ule. Waliolifanya lisahaulike ni wenzake.

Tukawaeleza pia habari ya Simone Biles, Mmarekani wa jimnastiki. Tokyo, tarehe 27 Julai 2021, aliruka mara moja tu, akaona akili na mwili havisikilizani tena hewani. Katika mchezo ule, kitu kama hicho kinaweza kuvunja shingo. Akajitoa. Wenzake watatu, Jordan Chiles, Sunisa Lee na Grace McCallum, walibeba mashindano wakapata medali ya feza. Yeye hakukimbilia hotelini. Alivaa nguo za joto, akabaki kando akiwapigia makofi. Miaka mitatu kiisha, Paris, alirudi na Chiles na Lee wakachukua zahabu. Mama mmoja alituambia: kule wana madaktari wa kila kitu. Ni kweli. Lakini kukaa kando ya mwenzako hakuuzwi kwenye duka la dawa.

Aliyetufundisha zaidi alikuwa kapiteni wetu, msichana wa miaka 17. Hakutoa hotuba. Kila Jumatano alipita nyumbani kwa yule mdogo, wakaenda pamoja kuchota maji, na hakugusa habari ya mpira hata siku moja. Anayemwita "yaya" alianza kucheka tena njiani kabla ya kucheka kwenye masomo. Kisha kapiteni akawaambia wengine: atakayetuma mzaha juu ya mwenzake kwenye telefoni atafua nguo za ekipe nzima. Wawili walifua. Sasa mtu akikosa, wachezaji wawili wanatoka kumpokea kabla hajafika katikati ya uwanja. Hatukuwafundisha maneno ya kumwambia, na "si kitu" tuliikataza, sababu kwake ni kitu.

Kwenu wamama tuna ombi. Mtoto akirudi kutoka uwanjani, muulizeni kwanza kama amekula, matokeo yatakuja yenyewe. Huzuni ya siku mbili tatu ni ya mchezo. Lakini akikataa bukari juma nzima, asipolala, akijitenga na hata rafiki wa karibu, ao akisema ni afazali asingekuwepo, hiyo si uvivu wala si ulozi. Msimwache peke yake, mumpeleke kituo cha afya siku ile ile, na mtuite sisi walimu pia.

Yule beki amerudi, lakini si yote kwa mara moja. Juma la kwanza alikaa akituhesabia dakika. Juma la pili aliomba ufunguo wa kabati. Penalte bado hataki kupiga, na hakuna anayemlazimisha.