Tuzo na Ulimi

Machi 2024, Emma Stone alipotunukiwa Oscar kwa filamu ya Poor Things, sahibu yangu alishangilia, mimi nilinuna. Chaguo langu lilikuwa Lily Gladstone, aliyeigiza katika Killers of the Flower Moon kwa Kiingereza na Kiosage.

Sahibu akanisuta: “Mwenzangu, wewe waituza lugha, si uigizaji.”

Nikamtajia Sophia Loren, aliyeitwaa tuzo hiyo mwaka 1962 kwa Kitaliano. Hata hivyo, neno lake lilinichoma. Nikaitazama upya filamu ya Stone: mhusika wake ajifunza kusema, kuanzia vigugumizi vya kitoto hadi sentensi zilizonyooka. Nilikuwa sijaliona hilo, nami najiita mpenzi wa lugha!

Kura yangu ingali kwa Gladstone, ila sasa ni kwa namna anavyonyamaza. Sahibu sijamwambia.